Saa Kumi Kasoro Dakika Nane

Treni ilikuwa bado inazunguka.

Injini nyeusi, isiyozidi urefu wa kiganja, ilivuta mabehewa yake sita nyuma ya kilima, ikavuka daraja, ikapita sentimita mbili tu kutoka kwenye sikio la marehemu, ikaenda zake. Baada ya dakika moja na nusu ilirudi tena. Askari wawili waliosimama mlangoni waliitazama kila ilipopita, na kila ilipopita walirudi nyuma kidogo.

"Imekuwa hivyo muda wote?" Inspekta Marian Sugden aliuliza.

"Tangu tulipoingia, afande," alijibu Sajini Nadeem Chaudhry. "Wataalamu wa alama za vidole hawajafika kwenye swichi. Nikasema tusiiguse."

"Vaa glavu uizime. Siwezi kufikiri."

Nadeem aliizima. Kimya kilichofuata hakikuwa bora kuliko ule mnong'ono wa magurudumu.

Marehemu alikuwa Norman Pickersgill, umri miaka sitini na minane, mwalimu mstaafu wa jiografia na katibu wa Klabu ya Reli Ndogo ya Thornshaw. Alikuwa ameketi kitini, kifua na kichwa vimelala kwenye ukingo wa meza kubwa iliyojaza ukumbi. Mkono wake wa kulia ulishika kibano, na kwenye kibano kulikuwa na mti mdogo ambao hakuwahi kuupanda. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, kama ya mtu aliyetoka likizo ya pwani.

Sugden aliujua wekundu ule. Alishauona mara mbili katika kazi yake, na mara zote mbili ilikuwa majira ya baridi, chumba kimefungwa, jiko linawaka.

"Gesi ya makaa," alisema. "Madirisha yote yafunguliwe yabaki wazi. Mtu yeyote akisikia kichwa kizito, atoke nje, asijifanye shujaa."

Ukumbi ulikuwa zamani wa kanisa la Methodisti. Klabu iliukodi miaka ishirini iliyopita, na kwa miaka mitatu ya mwisho wanachama wake kumi na wanne walikuwa wakijenga humo kitu kimoja tu: mfano mdogo wa mji wao wenyewe, Thornshaw, jinsi ulivyokuwa mwezi Desemba mwaka 1962. Viwanda vya pamba, nyumba zilizopangana mlimani, stesheni, kibanda cha ishara, kila kitu kilikuwepo, kila dirisha mahali pake. Maonyesho yalikuwa Jumamosi. Leo ilikuwa Jumatano.

Sugden alizunguka meza polepole, akatazama kila pembe isipokuwa moja. Pembe ya kushoto, karibu na ukuta, palikuwa na Kivuko cha Hagg, pale barabara ilipokata reli. Palikuwa na lango jeupe, nyumba ya mlinzi wa lango, na basi la shule lenye ukubwa wa kiberiti. Aliliona kwa pembe ya jicho, akageuza uso.

Alikuwa na miaka kumi na tatu siku ya ajali, Desemba ile. Alikuwa amelala nyumbani na matubwitubwi, shingo imevimba, akimlaumu mama yake kwa kumkosesha mazoezi ya kuimba. Treni ya mizigo ililigonga basi katika ukungu saa kumi kasoro dakika tano. Dereva alikufa, na watoto watano. Mmoja wao, Pauline Crabtree, alikuwa amekaa kwenye kiti ambacho kila siku walikaa wawili, yeye na Marian. Miaka thelathini na miwili imepita, na mpaka leo Inspekta Sugden huendesha gari maili nne zaidi kuzunguka ili asipite Hagg.

"Nani alimkuta?" aliuliza, sauti yake kali kuliko alivyokusudia.

* * *

Aliyemkuta ni mwenyekiti, Trevor Nuttall, mzee mnene aliyefunikwa blanketi kwenye ngazi ya gari la wagonjwa, kinyago cha oksijeni mkononi.

"Uliingia saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu. Nilikuja mapema na pai. Tulipanga kukutana wote saa kumi na moja, tumalizie kazi."

"Ukaona nini?"

"Nikamwona Norman amelala. Nikamwambia, we mwalimu, unalala darasani? Kisha magoti yakaisha nguvu, binti. Yaani yaliisha tu. Nilitambaa hadi mlangoni kwa tumbo. Pai ziko humo humo ndani."

"Nani huwasha jiko?"

"Norman. Kila Jumatano mchana yuko peke yake, anapenda utulivu. Ana makaa yake yale ya koki, yasiyotoa moshi."

"Nani anajua kwamba huwa peke yake?"

"Kila mtu. Sisi ni wazee kumi na wanne, hatuna cha kuficha isipokuwa vipara." Alijaribu kucheka, akakohoa. "Lile jiko ni bovu, sivyo? Niambie ni bovu."

Sugden aligeuka. Nadeem alikuwa akimpungia mkono kutoka uani.

Nyuma ya ukumbi, dohani ilitoka ukutani na kupanda juu. Usawa wa kifua palikuwa na kifuniko cha kusafishia masizi. Nadeem alikuwa amekifungua. Ndani ya bomba palikuwa na kitu cha mviringo, kigumu, kilichokaa sawasawa kama kizibo kwenye chupa.

"Nilidhani ni kiota cha kunguru," Nadeem alisema. "Tazama hapa."

Ulikuwa wavu wa waya uliokunjwa kama bakuli, ukafunikwa kwa bendeji za plasta, zile zile ambazo watu wa klabu huzilowesha na kuzitandaza kutengeneza vilima. Kitu kile kilipimwa, kikatengenezwa, kikaachwa kikauke, ndipo kikaletwa.

Trevor Nuttall alikuwa amewafuata na blanketi lake. Alikitazama kizibo, akatazama ukumbi, akaanza kuhesabu kwa vidole bila sauti. Sugden alijua anahesabu nini. Nusu saa zaidi, na watu kumi na watatu wangekuwa wameketi mle ndani, milango imefungwa kwa ajili ya baridi.

"Plasta hiyo ni yetu," mzee alinong'ona. "Mungu wangu. Ni mmoja wetu."

* * *

Alhamisi hofu ilikuwa imeenea mji mzima. Mwanachama mmoja alihamia kwa dada yake bila kuaga. Mwingine aliita fundi avunje dohani ya nyumba yake yote, tofali kwa tofali. Kituoni, wazee walikaa kwenye benchi wakisubiri kuhojiwa, na polisi mmoja alipowaletea chai, hakuna aliyekubali kupokea kikombe kilichopita mkononi mwa mwenzake. Watu waliokaa pamoja kila Jumatano kwa miaka ishirini walikuwa wanakaa kila mmoja amemwachia mwenzake nafasi.

Taarifa ya uchunguzi wa maiti ilifika saa tatu asubuhi: damu ilijaa kaboni monoksidi, hakuna jeraha, hakuna dalili ya kupigana. Kwenye kizibo na kifuniko hakukuwa na alama za vidole. Muuaji alivaa glavu.

Sugden aliwahoji mmoja mmoja. Wa saba alikuwa Clifford Hebb, umri miaka sitini na mmoja, aliyewahi kuwa mtu wa ishara, mwongoza treni kwa taa na kengele, katika shirika la reli. Alikuwa na mikono mikubwa na sauti ndogo. Mji mzima ulimheshimu.

"Jana mchana ulikuwa wapi, Bwana Hebb?"

"Nyumbani na mke wangu. Kifua kinamsumbua."

"Hukutoka?"

"Nilitoka kumnunulia dawa. Saa sita hivi."

"Ulikuwa na ugomvi na Norman?"

"Na Norman? Nani angegombana na Norman? Alinifundisha kuchonga." Macho yake yalijaa. "Inspekta, naweza kukuuliza? Aliteseka?"

"Daktari anasema alisinzia tu."

Hebb alifumba macho, akashusha pumzi ndefu mno, mabega yake yote yakashuka. "Ashukuriwe Mungu," alisema.

Alipotoka, Sugden alichukua kalamu. Wazee sita waliotangulia walikuwa wameuliza swali moja: mimi je, niko salama? Huyu hakuuliza. Aliandika hilo pembeni mwa daftari lake, kisha akaona aibu. Mtu amemlilia rafiki yake. Hilo nalo ni kosa?

Mchana maabara walipiga simu. Nadeem aliisikiliza, akaweka simu chini akiwa amekunja uso.

"Plasta ina rangi ya kahawia ndani kwa ndani, afande. Haikupakwa juu. Imechanganywa kwenye maji. Wanasema ni chai."

"Chai?"

"Chai ya majani. Ya kawaida. Wamekuta na sukari."

* * *

Walirudi ukumbini wawili tu. Nadeem alichukua bisibisi ndogo akaanza kutoboa vilima mahali pasipoonekana, chini ya ukingo. Cha kwanza, plasta nyeupe. Cha pili, nyeupe. Cha tatu, kijivu. Alizunguka meza nzima. Akabakisha pembe ya kushoto, na kufika huko ilibidi mtu apite chini ya meza kwa magoti na kuibukia kwenye kitundu kilichoachwa katikati.

"Mimi sipiti hapo," alisema Nadeem akipiga tumbo lake. "Wewe ndiye mwembamba, afande."

Sugden alipiga magoti. Chini ya meza kulikuwa na giza na nyaya, na harufu ya masizi bado imo. Pumzi yake ilianza kuwa fupi. Alijiambia madirisha yako wazi. Alijiambia jiko limezimwa tangu jana. Alipoibuka, uso wake ulikuwa usawa wa reli, na mbele yake, karibu kuliko alivyowahi kukubali kukisogelea kwa miaka thelathini na miwili, kilikuwa Kivuko cha Hagg. Norman alikuwa ameweka watu wadogo ndani ya basi. Kwenye kiti cha tatu alikaa mtoto mmoja, na pembeni yake nafasi tupu.

Aliinua bisibisi aliyopewa na Nadeem. Akatoboa kilima.

Kahawia.

"Nadeem," aliita. "Mlete Nuttall."

Mzee alisimama mlangoni, hakutaka kuingia zaidi.

"Nani alitengeneza kilima hiki?"

"Hicho? Cliff. Cliff Hebb."

"Kwa nini kina chai ndani?"

"Ah, huo ndio mtindo wake. Sisi tunapaka rangi juu, kikikwaruzwa unaona weupe. Yeye humimina masalia ya chai yetu kwenye ndoo yake ya maji, hiyo hiyo ndiyo anayolowesha bendeji siku zote. Tunamtania, tunasema Cliff ukimkata atatoka chai." Tabasamu lake likafa taratibu. "Kwa nini unauliza?"

Sugden alitazama ukutani, juu ya kivuko. Norman alikuwa amebandika picha za zamani, zaidi ya arobaini, kwa pini za shaba. Katikati palikuwa na pini moja isiyoshika kitu.

"Hapa palikuwa na picha gani?"

"Sijui. Norman alibandika mpya wiki iliyopita. Alikuwa anakuza negativu zake za ujana, ahesabu vioo vya stesheni. Mambo yake hayo."

* * *

Katika pochi ya Norman kulikuwa na stakabadhi ya duka la picha: nakala ya pili, ikuzwe zaidi, pembe ya chini kulia. Ijumaa asubuhi Sugden aliichukua mwenyewe, akaifungulia bahasha kwenye gari, waipa zikifuta ukungu kwenye kioo.

Ilikuwa picha ya injini ya mvuke imesimama stesheni ya Thornshaw, taa zimewashwa, ukungu umening'inia chini ya paa. Nyuma ya stakabadhi, Norman alikuwa ameandika kwa penseli tarehe ambayo kila mtu wa Thornshaw aliijua. Juu ya jukwaa kulikuwa na saa kubwa. Mishale yake ilionyesha saa kumi kasoro dakika nane. Na katika pembe ya chini kulia, amesimama mikono mfukoni, anaitazama injini kama mtu anayetazama harusi, kulikuwa na kijana mrefu mwenye kofia ya shirika la reli.

"Huyo ni nani?" Nadeem aliuliza kutoka kiti cha pembeni.

Sugden alikuwa tayari ameliwasha gari. Kwa Trevor Nuttall hawakukaa hata dakika. Mzee aliinua picha hadi puani.

"Si Cliff huyo? Tazama, ana nywele!"

Maktaba ya mji ilikuwa na ripoti ya uchunguzi wa ajali. Sugden aliisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari. Seth Ackroyd, mlinzi wa lango la Hagg, aliapa kwamba kengele haikulia. Bila kengele kutoka kwenye kibanda cha ishara, hakuwa na namna ya kujua treni inakuja katika ukungu ule. Clifford Hebb, mtu wa ishara, aliapa kwamba hakutoka kibandani tangu saa nane mchana, na kwamba alipiga kengele saa kumi kasoro dakika nane, kama daftari lake lilivyoandikwa. Tume iliamini daftari. Ikaandika kwamba Ackroyd alikuwa amesinzia kazini. Aprili iliyofuata, Ackroyd aliingia kwenye bwawa la maji la mji na makoti mawili mazito mwilini.

"Kutoka jukwaani hadi kibandani ni hatua mia mbili," alisema Sugden. "Hakupiga kengele. Hakuwepo."

"Basi hiyo ndiyo sababu," alisema Nadeem. "Lakini afande, miaka thelathini na miwili? Nani angemfunga leo? Angesema samahani, watu wangemnunia, basi. Mtu anaua kwa hilo?"

Sugden alifunga ripoti.

"Wewe si wa hapa, ndiyo maana hujui. Seth Ackroyd aliacha binti. Watu walimtupia mawe dirishani. Hakuna aliyemwajiri. Mtu mmoja tu ndiye aliyemfadhili, akampelekea makaa, akamtetea, mwisho akamwoa. Mji mzima ukamwita mtakatifu."

"Nani?"

"Cliff Hebb. Eunice Ackroyd ndiye mke wake. Yule mwenye kifua." Alikuwa tayari anakimbia. "Na anayemuuguza ni yeye peke yake."

* * *

Saa nane mchana ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba waliitafuta nyumba kwa kuhesabu milango. Hebb alifungua baada ya muda mrefu. Alivaa suti na tai.

"Karibuni siku nyingine, Inspekta. Mke wangu amelala."

Hewa iliyotoka nyuma yake ilikuwa ya moto, kavu, haina harufu. Sugden alitazama chini. Taulo lililokunjwa lilikuwa limesukumwa pembeni na mlango.

"Amelala wapi?"

"Jikoni, kwenye kiti chake. Anapenda moto. Tafadhali, msimwamshe."

Alisema kwa upole sana, na upole huo ndio uliomtia Sugden hofu kuliko bisibisi au kisu. Alimsukuma kwa bega akapita.

Dirisha la jikoni lilikuwa limezibwa kwa magazeti na gundi. Makaa ya koki yaliwaka mekundu kwenye wavu wa moto, na kibati cha dohani juu yake kilikuwa kimesukumwa ndani hadi mwisho, kikaziba njia ya moshi. Eunice Hebb alikuwa kwenye kiti, shali magotini, kichwa kimeanguka pembeni. Mashavu yake yalikuwa mekundu na mazuri.

"Nadeem! Mbebe!"

Sugden alichukua koleo la makaa akapiga dirisha. Kioo kilivunjika, magazeti yakabaki. Akapiga tena. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kugonga, miguu ikawa ya mtu mwingine, na kwa sekunde moja aliona wazi kabisa kwamba angeweza kukaa chini kwenye sakafu ile yenye joto na isingekuwa vibaya hata kidogo. Hilo lilimtisha kuliko kitu chochote maishani mwake. Alichana magazeti kwa kucha. Ukungu ukaingia, baridi, mzuri.

Hebb alikuwa amekaa kwenye kiti cha pili, mikono magotini.

"Niache hapa," alisema.

"Simama."

"Niache, binti. Tulikuwa tunaondoka pamoja. Hakuwa anajua chochote."

Alimshika ukosi wa suti akamburuta sakafuni, uzito wote ule, hadi uani.

Nadeem alikuwa amemlaza Eunice kwenye benchi la mawe na koti lake chini ya kichwa. Jirani mmoja alileta blanketi, mwingine akakimbilia simu. Wengine walisimama kwenye kuta za nyua zao, vichwa tu vikionekana katika ukungu. Eunice alikohoa, akatapika, akakohoa tena. Sugden alipomsikia akilaani kwamba kichwa kinampasuka, alihisi machozi.

Alimgeukia Hebb. "Clifford Hebb, nakukamata kwa mauaji ya Norman Pickersgill na jaribio la kumuua Eunice Hebb. Si lazima useme lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Ulitengeneza kizibo?"

"Ndiyo. Jumanne usiku, bandani kwangu."

"Ukakiweka lini?"

"Jumatano saa sita, nilipotoka kununua dawa. Nilipanga kurudi saa kumi kukitoa, kabla wengine hawajafika. Nilifika hadi kona ya mtaa. Miguu ikakataa."

"Trevor Nuttall angekufa. Wote wangekufa."

"Najua. Sijalala tangu siku hiyo."

"Norman alikwambia nini?"

Hebb alilamba midomo. "Alinionyesha picha wiki iliyopita. Aliniambia kwa upole, Cliff, Jumamosi mji mzima utakuja kuitazama Hagg, na mimi siwezi kuiweka mbele yao na uongo juu yake. Mwambie Eunice wewe mwenyewe. Ukishindwa, nitamwambia mimi. Angenipigia kelele ingekuwa rahisi. Alinishika mkono."

"Kwa nini ulitoka kibandani siku ile?"

"Ile injini." Alisema kama mtu anayetaja jina la mwanamke. "Ilikuwa safari yake ya mwisho kwenye reli yetu. Nilitaka kuiona kwa karibu. Dakika tano tu. Niliposikia kishindo nilikuwa ngazini, narudi. Nikaingia, nikaandika kwenye daftari. Mkono wangu ulitetemeka, nikasubiri utulie, ndipo nikaandika."

"Kisha ukamwoa binti yake."

"Nilianza kwa kumpelekea makaa. Sikuweza kulala nikijua hana moto. Kisha nikampenda. Hilo ndilo baya kuliko yote, Inspekta, nilimpenda kweli. Kila mwaka aliniambia, Cliff, baba hakulala siku ile, wewe unaniamini? Na mimi nilisema naamini. Ningewezaje kumtazama akijua kwa nini naamini?"

Kisha sauti ya kukwaruza ikatoka kwenye benchi.

"Kengele ililia, Cliff?"

Eunice alikuwa ameinuka kwenye kiwiko. Nywele zake nyeupe zilimganda usoni. Alikuwa mwanamke mdogo, miaka hamsini na minne, na alimtazama mumewe bila kupepesa.

"Mama, lala, wewe ni mgonjwa," alisema Hebb.

"Nimekuuliza."

"Haikulia."

"Wasikie na wale." Alielekeza kidevu ukutani, kwa majirani. "Hao wenye umri kama wangu walinitupia mawe. Sema wasikie."

Clifford Hebb alisimama, pingu mikononi, akageukia ukungu. "Kengele haikulia!" alipaza sauti. "Sikuipiga! Seth Ackroyd alisema kweli!" Kisha akakaa chini kwenye mawe ya ua, akaanza kulia kama mtoto, na mkewe hakumtazama tena.

Gari la wagonjwa lilikuwa limefika. Wahudumu walimweka Eunice kwenye machela. Alipopita mbele ya Sugden, aliushika mkono wake, na vidole vyake vilikuwa na nguvu ya ajabu.

"Ile ripoti yao. Inaweza kuandikwa upya?"

"Nitaandika taarifa yangu leo hii. Nitaipeleka mwenyewe."

"Basi weka jina lake lote. Seth William Ackroyd." Alikohoa, akasubiri pumzi irudi. "Na uandike alikuwa macho."